Aliyewapikia Wenye Uhuru

Kila nikikumbuka kikao cha ukoo kilichogawa shamba la marehemu baba kule Maliba, hujionea kinyaa. Kinachonichefua ni sauti yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza sekondari Kasese, wa kwanza nyumbani kwetu, na kichwa changu kilijaa historia ya Marekani. Mwalimu alitufundisha kwamba waasisi wake hawakuokota mawazo yao hewani. Waliyatoa makanisani, ambako waumini walizoea kufanya agano na kumchagua mchungaji wao. Waliyatoa kwenye vikao vya vijiji, na katika sheria za Uingereza walizorithi kwa babu zao. Nikaona ni sisi kabisa: ukoo, kikao, agano. Basi nikasimama mbele ya wanaume, nikatangaza kwa Kiingereza, kisha kwa Lhukonzo, lugha yetu, kwamba watu wote huzaliwa sawa. Nilitaka kaka mkubwa asichukue shamba peke yake, ila wana watatu wa kiume tugawane.

"Sikieni profesa!" baba mdogo akajipiga paja. "Marekani imeshuka Maliba!"

Walikubali. Shamba likakatwa mara tatu.

Dada yetu alikuwa akipita katikati yetu na bundu, ule ugali wa muhogo, na bakuli la samaki. Ndiye aliyepalilia kahawa ya shamba lile miaka yote ya ugonjwa wa baba, mimi nikiwa darasani. Akaweka sahani mbele yangu.

"Kaka, hao wazungu yako, wakiandika hayo maneno, nani ilikuwa inawapikia?"

Wanaume wakacheka. Mimi nilijua jibu, maana mwalimu alilisema: wengi wao walipikiwa na watumwa.

"Lete maji ya kunawa," nikamwambia.

Akaleta.

Mwaka huu, sote tukiwa tumezeeka, nilimfuata dada Bwera, sokoni anakouza samaki wakavu, nikamwambia sehemu yangu ya shamba ni yake.

"Unanipa hapa, mbele ya samaki?" akasema. "Kuninyima ulininyima mbele ya ukoo."

Nikaitisha ukoo, katika ua uleule wa kikao cha kwanza. Mtoto wa kaka mkubwa, sasa mwenye mvi, alisimama kwa adabu iliyonitia kinyaa zaidi ya matusi.

"Baba mdogo, tunakuheshimu. Lakini ni wewe uliyetufundisha: wana watatu, sawa kwa sawa. Tumekulia katika neno lako. Leo unalivunja?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Uchafu wangu walikuwa wameutunza safi, wakauita mila.

Nilisaini karatasi ya kumpa dada sehemu yangu hata hivyo, mwenyekiti wa kijiji akishuhudia. Wengine waliondoka wakitema mate. Dada aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge, hakunishukuru. Alikaa kwenye kiti, katikati ya wanaume waliobaki, akanyoosha miguu.

"Njaa inauma," akasema. "Leo nani anapika?"

Nikaingia jikoni kutafuta unga wa muhogo. Miaka yote hii ya kula, sikujua hata unawekwa wapi.