Bangili ya Mkuu na Minyoo Waliogoma

Shangazi yangu ana kazi ambayo ukiitaja mezani watu husukuma sahani: hukata minyoo. Ni wale bapa wa mtoni, wadogo kuliko ukucha, wenye macho ya makengeza. Ukimkata kichwa leo, baada ya wiki anacho kingine, anakukodolea kana kwamba hamjawahi kugombana. Maabara yao hupima maji kwa njia hiyo: kichwa kisipoota, maji yana sumu. Amekata kwa miaka kumi na tisa. Mtaani wanamwita Mama Wembe, naye huitika.

Mwaka jana minyoo waligoma. Hata waliowekwa kwenye maji safi walibaki vigutu. Mkuu wa maabara, mzee ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, aliandika barua ya kumfukuza Shangazi kwa uzembe, akasema ataitia sahihi Ijumaa ya wiki inayofuata. Shangazi alilia chooni, akanawa uso, akaanza kuchunguza.

Maji ya minyoo Mkuu huyakoroga mwenyewe kila asubuhi, na chumvi kidogo, kwa mkono mtupu, maana hamwamini mtu. Na mkono huo ulikuwa na bangili ya shaba, aliyouziwa kama dawa ya maumivu ya viungo.

Siku hiyohiyo ya barua Mkuu aliivua anawe mikono, na bangili ikatoweka kando ya sinki. Alipekua mapipa ya taka, akamhoji mlinzi, akanuna. Shangazi alimpa pole kila asubuhi kwa sauti ya msibani. Mnafiki yule, nampenda sana.

Ijumaa ilipofika alimwekea mabakuli mawili mezani.

"Maji ni yaleyale, nimekoroga mimi kwa kijiko cha plastiki," alisema. "Hapa minyoo kumi, vichwa kumi. Na hapa hakuna hata kimoja."

Mkuu alichungulia bakuli la pili mpaka pua ikakaribia kulowa. Bangili yake ilikuwa imelala chini, katikati ya vigutu.

"Mharibifu nimempata, Mkuu. Ulikuwa naye mkononi."

Mzee akajipapasa kifundo cha mkono.

"Na mkono wala haukuniuma siku zote hizi bila hiyo bangili," akanung'unika.

Kisha akatoa barua kwenye droo, akachukua mkasi, akaikata katikati.

"Endelea, Mkuu," Shangazi akamwambia. "Vipande vidogo vidogo. Isije ikaota kichwa."