Kigari Kilichobebwa Mgongoni

Mume wangu Mukhisa alichukua kifuniko cha sufuria yangu kubwa, ile ya kupikia wageni, akakikata kwa msumeno wa chuma. Nilimkuta kibarazani kwetu hapa Kitale, ulimi umemtoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika, kifuniko kimebaki nusu. Nikamuuliza kama ameingiwa na wazimu. Akanijibu bila kuinua macho, "Mama Nabwile, hii si kifuniko tena. Hii ni chesisi ya gari."

Ningekuwa mke mpole ningenyamaza. Mimi nilisema yote yaliyokuwa moyoni, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, na majirani wakapata habari za kuwatosha wiki nzima. Nilipomaliza, yeye aliushika tena msumeno na kuendelea kukata. Hapo ndipo nilipoona anakata kwa mkono wa kulia, nikamwachia kifuniko.

Mukhisa ni dereva. Tangu nimjue amekuwa akiendesha pikapu, anabeba kabichi na vitunguu kutoka Endebess hadi sokoni Bungoma. Pikapu yenyewe ni yake na ya Absalom, mkulima wa Endebess, waliinunua pamoja. Wawili hawa walipashwa tohara msimu mmoja kule Malakisi, na Wabukusu huwaita watu wa namna hiyo bakoki, na kila mmoja humwita mwenzake makoki. Mimi nimezaliwa kwa Wakikuyu wa Trans-Nzoia, kwa hiyo jambo hilo lilinichukua muda kulielewa. Bakoki hutukanana mbele ya watu na hakuna anayeruhusiwa kununa. Mmoja akimtupia mwenzake shindano, mwenzake hana njia ya kukataa. Akikataa, atachekwa mpaka kwenye matanga yake mwenyewe, na mchekaji atakuwa amesimama kando ya jeneza.

Kiharusi kilimpata Mukhisa akifunga kamba za viatu. Mguu ulirudi. Mdomo nao ukarudi, na cha kwanza ulichotoa ni malalamiko kuhusu chai yangu. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Hospitalini walimpa mpira laini wa kufinyafinya, naye akaufinya siku chache kisha akamtupia mbwa. "Mimi si mtoto wa kucheza mpira," alisema. Huyo ndiye mtu ambaye baadaye alikuja kunikatia sufuria ili aunde gari la kuchezea, na nimemkumbusha jambo hilo mara nyingi.

Lakini kilichomuumiza kuliko mkono ni huruma. Watu walimshika kiwiko akivuka barabara. Walimkatia nyama. Waliongea naye kwa sauti kubwa kana kwamba kiharusi kilimwingia masikioni. Pikapu ilipelekwa Endebess, ikaegeshwa kando ya ghala la Absalom, na funguo zikabaki huko. Mukhisa akawa mtu wa kukaa tu. Niliuchukia mkono ule kama mtu anavyomchukia mgeni asiyeondoka.

Wazo la kigari alilipata kwa mama yake Malakisi, nilikompeleka apumzike kwenye joto. Aliona kwenye simu magari madogo ya rimoti yanayopanda mawe. Hayakimbii. Gurudumu moja linashika, jingine linatafuta, gari linapanda kama kinyonga mpaka linafika juu. Rimoti yake ina vijiti viwili: cha kushoto ni cha kwenda mbele na kurudi nyuma, cha kulia ni cha kukata kona. Alinipigia simu usiku huohuo. "Mama Nabwile, kumbe dereva ni kidole gumba cha kulia." Nikamuuliza kama amemeza dawa.

Magari hayo huuzwa bei ya ng'ombe wa maziwa, na sisi hatuna ng'ombe. Kwa hiyo alianza na kigari cha mtumba kutoka sokoni Kitale, cha plastiki, bila mlango, rimoti yake imefungwa kwa utepe. Alikipeleka kwenye jiwe la kwanza hapo uani. Kilikimbia kama panya, kikaligonga, kikapinduka chali. Mukhisa alicheka sana, mara ya kwanza tangu augue, nami nikaingia ndani kupika ugali ili asione uso wangu.

"Ina mbio na haina nguvu," alisema. "Kama vijana wa siku hizi."

Basi akatafuta kigari kingine kilichokufa, akang'oa giaboksi yake na kuiunganisha nyuma ya ile ya kwanza, ili mbio za mota zipunguzwe mara mbili na nguvu iongezeke. Betri alizitoa kwenye kompyuta iliyoharibika, kwa fundi wa simu. Spoki za baiskeli zikawa mikono ya kushikilia magurudumu, na springi za kalamu zikawa shokomzoba. Magurudumu yenyewe aliyavika tyubu ya pikipiki, akayajaza sponji ya godoro letu upande wa miguuni, upande wangu bila shaka. Kisha akaenda kwa fundi wa pancha akaomba vile vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu, akavibandika ndani ya magurudumu ya mbele. Alinieleza kwamba uzito ukikaa chini na mbele, gari linaukumbatia mlima badala ya kuanguka nyuma. Kitu alichokinunua kikiwa kipya ni mota ndogo ya usukani tu, nayo aliisubiri kutoka Nairobi kama mtu anayesubiri mahari.

Na kila skrubu aliifunga kwa mkono wa kulia. Hiyo ilikuwa sheria yake. Bisibisi ilianguka, skrubu zikaanguka, akainama, akaokota, zikaanguka tena. Kazi ambayo fundi angeimaliza kabla ya chai ilimchukua siku nzima. Siku moja sikuvumilia, nikaokota skrubu moja nikamwekea kiganjani. Aliitazama, akaiangusha chini kwa makusudi, kisha akainama akaiokota mwenyewe. Nilikasirika, lakini sikuokota tena.

Kigari kilikuwa kimeanza kupanda ngazi za mlango wa jikoni pale Absalom alipotutembelea. Alikaa, akanywa chai, akazungukazunguka maneno, na mwishowe akasema amepata mtu wa kununua pikapu. Mtu mwenyewe ni Kinyua, mfanyabiashara wa hapa Kitale, na angekuja kuichukua Jumamosi asubuhi.

"Makoki, gari inaoza," Absalom alisema. "Panya wamezalia kwa injini. Na wewe huo mkono wako ni wa kusalimia watu kanisani tu."

Mtu mwingine yeyote angesema hivyo ningemmwagia chai. Mukhisa aliweka kigari mezani.

"Jumamosi nakuja kwako na hii," alisema. "Ile jiwe iko nyuma ya ghala, ile mnaanikanga maharagwe. Itapanda mpaka juu, bila kuguswa, na huu mkono. Ikipanda, hakuna kuuza. Ikishindwa, uza, na mimi sitasema kitu."

Absalom alikigusa kigari kwa kidole. "Haka? Haka hakawezi panda hata kiatu changu, bana."

"Basi kubali."

Alikubali. Angefanyaje? Makoki alikuwa amesema, na mimi shahidi nilikuwa pale na sahani mkononi.

Katikati ya wiki Mukhisa alikwenda peke yake Malakisi kumsalimu mama yake, akabeba kigari akimalizie huko. Alirudi Ijumaa jioni akiwa na furaha tele. Giaboksi zilizokuwa zikipiga kelele sasa zilizunguka kimya kabisa. Sikuuliza amefanya nini. Jumamosi tulidamka, tukafika Endebess majani yakiwa bado meupe kwa umande na pumzi zetu zikionekana. Mlima Elgon ulikuwa umejifunika wote. Kinyua alikuwa ameshafika, amevaa koti zito, anazunguka pikapu akipigapiga magurudumu kwa kiatu.

Absalom alimweleza kwamba kuna shindano dogo kwanza. Kinyua alidhani ni mzaha.

Mukhisa alikiweka kigari chini ya jiwe. Jiwe lilimfika kifuani, lina ufa ubavuni na kidaraja kama ngazi karibu na kilele. Akasukuma kijiti cha kushoto. Mota ikaguna. Magurudumu hayakusogea. Akasukuma tena, likatoka guno refu, kisha kimya. Absalom hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Alianza kupata ule uso wa huruma.

Mukhisa alikiinua kigari, akakitikisa, akakitazama chini kama baba anayetazama mtoto asiyelia. Nilikichukua mikononi mwake nikanusa. Harufu ile naijua. Huja Kitale kwenye chupa kila mama mkwe anapotutumia mboga.

"Baba Nabwile, umepaka nini hapa ndani?"

"Grisi ilikuwa nzito sana. Mama akanipea samli. Kule Malakisi ilikuwa inatiririka kama maji."

Nilitaka kupiga kelele. Malakisi! Huko samli hukaa maji mchana na usiku. Huku kwetu, asubuhi, tunaikata kwa kisu. Mwanamke yeyote anayepika Trans-Nzoia angemwambia, nami naishi naye nyumba moja, lakini hakuniuliza. Giaboksi zake zote mbili zilikuwa zimeganda kama mafuta kwenye sukumawiki ya jana.

"Basi, mzee," Kinyua alisema kwa upole, sauti yake juu, akitamka kila neno pole pole. "Si kitu. Mungu anajua."

Ile sauti ndiyo iliyonichoma. Niliivua leso yangu kiunoni, nikainama, nikakiweka kigari mgongoni chini ya sweta, nikakifunga kwa leso vizuri, nikasimama. Risasi za magurudumu zilikuwa baridi mpaka nikauma meno.

Absalom alijishika mbavu. "Woi! Shemeji amezaa gari!"

"Leta chai," nikamwambia. "Na mtu asiondoke hapa."

Nilizunguka ghala na kigari mgongoni. Nilitembea haraka ili nitokwe jasho, nikapita kwenye kabichi, nikarudi, wake za majirani wakasimama uani kunitazama. Sikuwajali. Miezi yote nilikuwa nimekiita kigari hicho takataka, na sasa nilikuwa nikikibembeleza. Nilimwomba Mungu alainishe samli, maombi ambayo sidhani aliwahi kuyapata kabla ya siku hiyo. Nilipokifungua kilikuwa na joto kama chapati iliyofunikwa. Nilizungusha gurudumu kwa kidole, likazunguka.

"Sasa hivi," nikamwambia Mukhisa. "Kabla hakijapoa."

Kigari kiliingia kwenye ufa. Gurudumu la mbele likashika, la nyuma likateleza, likashika. Kidole gumba cha Mukhisa kilitetemeka juu ya kijiti, lakini kilikwenda kulikotakiwa, kushoto kidogo, kulia kidogo. Kinyua aliacha kunywa chai. Kigari kilipanda, kikasimama kupumua, kikapanda tena. Kilifika kwenye kidaraja, kikaning'inia gurudumu moja hewani, na hapo ilibidi akate kona kulia, kona kali.

Kidole kiligoma. Nilikiona kikijikunja na kukakamaa, kama kinavyofanya kikichoka. Mukhisa alikikodolea macho. Mota ilianza kuguna tena, samli ilikuwa inapoa. Kinyua aliinamisha kichwa, na huruma ikajaa pale mpaka ikanuka.

"Makoki!" Absalom alifoka ghafla. "Hata nyanya yangu alikuwa anakata hiyo kona, na alikufa akiwa kipofu!"

Mukhisa aliangua kicheko. Mabega yakashuka, mkono mzima ukalegea, na kidole kikaachia. Kijiti kikaenda kulia. Gurudumu lililokuwa hewani likashuka, likalishika jiwe, kigari kikajivuta, kikapinda, kikasimama juu kabisa pale maharagwe huanikwa. Nililia pale pale mbele ya mnunuzi, na sina la kuficha.

Absalom hakumpongeza. Hiyo si kazi ya bakoki. Alimtukana tena, ukoo wote, kisha akatoa funguo za pikapu mfukoni na kuzielekeza kwenye mkono wa kushoto wa Mukhisa. Mukhisa aliurudisha nyuma mkono huo. Akanyoosha wa kulia.

Funguo zilipita katikati ya vidole zikaanguka kwenye umande. Kinyua, mtu mwungwana, akainama mara moja.

"Mwache!" tulisema, mimi na Absalom, kwa pamoja.

Kinyua akarudi wima. Mukhisa aliinama. Vidole vilizitafuta funguo kwenye majani, vikazigusa, vikazikosa, vikazipata. Tulisimama pale na baridi yetu, watu wazima watatu, tukimtazama mtu akiokota kitu chake.

Kisha akatembea hadi kwenye pikapu, akafungua mlango wa dereva, akaniambia niingie. Hatukuwa tunakwenda popote, lango lilikuwa limefungwa na barabara ingesubiri siku nyingine. Tundu la funguo liko upande wa kulia wa usukani. Alikosa mara ya kwanza. Alikosa ya pili. Nilikaa kando yake nimeikalia mikono yangu miwili, nisije nikamsaidia, mpaka injini ilipowaka.