Mgeni wa Ma Nyakato

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Bukoba alichemsha kahawa mbichi pamoja na majani yake ya kienyeji, akaianika juu ya kichanja cha moshi, na harufu ikaingia kwangu bila hodi. Niliacha kumenya ndizi. Ninyi mliokulia kwetu mnaijua harufu hiyo, ina uchungu na moshi na utamu kidogo kwa mbali. Kwa wengine ni harufu ya kupokelewa: ukiingia nyumba ya Mhaya, kabla hujaulizwa habari za safari unaletewa kikapu kidogo, unachukua punje mbili tatu za akamwani, kahawa hiyo iliyokaushwa, unatafuna. Kwangu mimi ni harufu ya Ma Nyakato, na ikinijia huwa nageuka kutazama mlangoni. Nina wajukuu sita na bado natazama mlangoni.

Huko Ijumbi, miaka ile ya ujamaa, nyumba yake na yetu zilitenganishwa na migomba na mfereji mmoja tu. Aliondoka kijijini akiwa msichana, akakaa Kampala miaka mingi, kisha akarudi na sanduku la bati, cherehani, na fedha za kununulia kibanja chake mwenyewe, migomba na mibuni yake yote. Mwanamke, kwa fedha zake! Alizipataje huko, watu wazima walijua au walijifanya kujua, na sisi watoto tuliambiwa tu kwamba nyumba ile haiingiwi. Njiani walimsalimia vizuri kabisa, maana kwa salamu sisi hatujambo. Kanisani walimwachia nafasi kwenye benchi, pana kuliko alivyohitaji. Lakini kwake hakuingia mtu.

Mimi niliingizwa na mvua ya mawe. Nilikuwa na miaka tisa, natoka shule, mawe yananigonga kichwani, naye akaniita kutoka barazani. Ndani nilikuta nyasi mbichi zimetandikwa sakafuni, kama watu wafanyavyo siku ya kutazamia wageni. Baadaye nilikuja kujua kwamba alizibadilisha kila wiki. Akanikalisha kwenye kiti, siyo chini, akaniletea kikapu, akakifunua mbele yangu kwa mikono miwili. Jamani, nyumbani kwetu mtoto alipata kahawa pale tu watu wazima waliposahau kuifunika. Nilichukua punje mbili, nikazitafuna huku machozi yananitoka kwa uchungu, nikasema ni tamu. Alicheka mpaka akaketi.

Basi nikawa mgeni wake. Kila siku ya gulio, mama akishaondoka na ndizi zake kichwani, mimi nilikata kupitia migomba. Nilimsomea kitabu changu cha shule, maana hakujua kusoma, naye akaniacha nikanyage cherehani bila uzi. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza, kwa mfano naogopa nini. Jambo moja tu lilimuudhi. Nilikuwa naingilia mlango wa nyuma, wa jikoni, ili nisionekane. Aliniambia mgeni hupita mbele. Nilimwahidi kwamba siku moja nitapita mbele, mchana, watu wakiona. Akasema atanisubiri.

Ndipo akaja mtu wa sinema. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Dar es Salaam, ametumwa kupiga picha za watu wakilima shamba la kijiji, na mashine yake ilikoroma kama paka aliyeshiba. Mwenyekiti aliwapanga akina mama wakiwa na majembe yaliyooshwa yakang'aa, sijui tangu lini jembe linaoshwa kabla ya kulima. Tuliambiwa tusitazame kamera, kwa hiyo sote tuliitazama.

Ma Nyakato akatokea barabarani amevaa gomesi yake ya njano ya Kampala, mkononi kikapu. Akamsalimia yule kijana, akafunua. Mgeni hakujua mambo yetu. Akachukua, akatafuna, akakunja uso, akachukua tena. Kisha akasema anataka picha hiyo hasa, mtu anampokea mgeni kwa kahawa. Ila yeye ameshika kamera, kwa hiyo anahitaji mtu wa kupokea. Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Akina mama wakaanza kufunga khanga upya ambazo hazikuwa zimefunguka. Kijana akaomba mama huyu aulizwe kama yupo hapa yeyote anayemtembelea, na mashine tayari ilikuwa inakoroma.

Ma Nyakato akaninyooshea kikapu mimi. "Yule pale," akasema kwa Kihaya. "Yule ni mgeni wangu."

Mkono wa mama yangu ulikuwa begani kwangu. Niliuona ule ufito wake wa kuchapia, uliokaa nyuma ya mlango, niliuona waziwazi kama uko hapa mbele yangu. Watu wote walinigeukia.

"Simjui," nikasema. "Sijawahi kuingia kwake."

Ma Nyakato alinitazama kidogo. Kisha akatabasamu, si kwangu, kwa mama. "Nimefananisha, waitu. Macho yamezeeka. Si huyu." Akabaki amesimama hivyo hivyo, kikapu mbele, mpaka kijana akazima mashine.

Sikurudi kwake. Nilijiambia nitakwenda aibu ikipungua, nami nikaona haipungui, inanenepa. Siku za gulio nilisikia cherehani yake ng'ambo ya mfereji ikianza na kunyamaza, ikianza na kunyamaza. Wakati wa masika aliugua siku tatu akafariki. Mazishini walikuja wote, maana kwenye msiba sisi hatukosi, na wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuvuka kizingiti chake. Walikuta nyasi mbichi sakafuni.

Kiangazi kilichofuata gari la sinema likaja. Walitundika shuka darasani, wakaziba madirisha kwa mablanketi na mikeka, ikawa giza saa nane mchana. Picha hazikuwa na sauti. Yule kijana mwenyewe alisimama pembeni akaeleza kwa mdomo. Tulipiga makelele kila mtu alipojiona. Mwenyekiti alijiona mfupi, akanyoosha shingo. Halafu shuka likajaa gomesi, nami nikasikia mikeka ikigongwa na upepo.

Alikuwa hai. Alifunua kikapu, akainua uso, akakielekeza pembeni ya shuka, mahali nilipokuwa nimesimama siku ile na ambapo kamera haikufika. Midomo yake ikasogea. Kijana hakueleza kitu, kwa kuwa hakujua Kihaya. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba anaomba hela, wakacheka. Mimi peke yangu, nikadhani, ndiye niliyejua anasema nini. Midomo ikasogea mara ya pili, tabasamu likaja, kikapu kikabaki pale pale kikisubiri.

Sijui nani aliniinua. Nilipita katikati ya watu hadi mbele, nikanyoosha mkono nichukue. Kivuli changu kikapanda juu ya shuka, kikamfunika uso, kikafunika kikapu. Nilirudi nyuma akaonekana, nilisogea akatoweka. Wakanipigia kelele nikae. Nilipogeuka, mwanga wa mtambo machoni, nilimwona mama naye amesimama.

Alinishika mkono akanitoa nje, kwenye jua. Hatukwenda nyumbani. Alishika njia kubwa, akakunja kwenye njia ya Ma Nyakato, ile ya mbele, iliyokwisha kuota majani. Nilianza kulia nikisema nilikwenda kule, nilikwenda mara nyingi, anichape tu.

"Nilijua," mama akasema. "Ulikuwa unarudi unanukia kahawa yake."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunichapa.

"Mimi nilishindwa kwenda. Nikasema angalau awe na wewe."

Tulifika. Ndugu zake walikuwa wameufunga mlango kwa kufuli. Mama alirekebisha kitambaa chake kichwani, akagonga, akasema hodi. Akasubiri kama mtu anavyosubiri. Akasema tena. Mimi nilisimama nyuma yake nikiogopa mambo mawili, kwamba hatajibu na kwamba atajibu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoielewa siku ile ya kamera. Nilidhani Ma Nyakato alisema uongo mdogo kuniepusha na ufito, na ni kweli. Lakini alikuwa na mgeni mmoja tu duniani, na alimwachilia mbele ya kijiji kizima, kwa tabasamu, kwa sababu ya kiboko ambacho hakikuwa kinakuja. Mama alijua siku zote kwamba naenda kule, nami nikamkana Ma Nyakato bure. Na mama naye, mkono wake begani kwangu, alinyamaza.

Harufu ya jirani iliponijia wiki iliyopita niliosha mikono, nikachukua kikapu changu, nikaenda kuufungua mlango wa mbele, kama ilivyo desturi yangu. Hakukuwa na mtu. Nikasema karibu.