Nilimpa talaka mke wangu kwa sababu ya mkono wa binti yetu

Wakuu, salaam. Hili sijawahi kulisema hadharani, na sitaongeza chumvi.

Natokea Palma, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Gesi ilipogunduliwa baharini, kampuni zikamiminika, nami nikapata kazi ya udereva. Nyumbani nikawa narudi wikiendi tu.

Binti yetu Zaituni alikuwa na miaka minne. Mkono wake wa kulia ulivunjika mara mbili ndani ya miezi michache, mimi niko kazini. Fundi wa kienyeji akaufunga kwa vijiti, ukaunga umepinda.

Ulipovunjika mara ya tatu nikamgeukia mke wangu, Mwanashehe. Nikamwambia anampiga mtoto. Akaapa hajamgusa. Zaituni mwenyewe akasema, "Mama alinivua gauni tu."

Nikaona amefundishwa.

Nikatoa talaka, mtoto nikampeleka kwa dada yangu. (Msinitukane bado.)

Hakumaliza hata mwezi. Aliinua kindoo cha maji, mkono ukavunjika, dada anamtazama kwa macho yake. Ndipo nikampeleka hospitali Pemba, mji wa huku kwetu Msumbiji, si kile kisiwa.

Daktari wa mifupa akaangalia X-ray, akaangalia macho ya mtoto, kisha yangu. Akauliza kama nami nilivunjika-vunjika utotoni. Nikasema ndiyo, mguu na kiwiko, nilidhani ni utundu tu. Akanionyesha kwenye kioo: sehemu nyeupe ya macho yetu sote ina ubuluu.

"Ni ugonjwa wa mifupa, amezaliwa nao," akasema. "Ameutoa kwako."

Nikamuuliza kama mkono unaweza kunyooshwa.

Wakafanya operation. Mfupa uliopinda waliukata, wakaunyoosha, wakapitisha chuma chembamba ndani yake kiushikilie. Ugonjwa wenyewe hauponi, na akikua chuma kitabidi kibadilishwe. Ila mkono umenyooka, sasa anaandika shuleni.

Nilimfuata Mwanashehe kwao, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuapia," akasema. "Ukanifanya mwongo mbele ya mwanangu."

Msamaha alinipa. Kurudi alikataa. Zaituni nimemrudishia, mimi naenda kumwona Ijumaa baada ya swala.

Wakuu, mtoto akivunjika ovyo ovyo, apimwe kwanza kabla hamjamtuhumu mtu. Mimi nilianza na hukumu, nikaishia hospitali.

Mwenye mtoto wa hivi aandike hapa anavyomlea, nina mengi ya kujifunza. Na mwenye kunisema aseme, nitasoma zote.