Tulivyoyaona Magari Kutoka Nyuma ya Kitambaa

Waliokuwako gofuni niwataje kwanza, maana nikishaanza kusimulia nitawaruka. Alikuwako bibi yangu, Bi Mwanahalima, mama yake mamangu, aliyekuwa akitangulia na mkeka wake kabla ya watu wote. Alikuwako Mama Zuhura, mdogo wake mamangu, ndipo nikamwita mama, na kisa hiki ni chake. Alikuwa bado bi harusi wa mwaka wa kwanza. Upande wa wanaume alikuwako mumewe, Bwana Athmani, mshoni wa kanzu, na Bwana Kassim, mwenye mashine ya sinema, binamu yake Bwana Athmani na jirani yetu ukuta kwa ukuta. Na mimi nilikuwako, mtoto wa chuoni, nasoma Kurani, sijavaa buibui bado. Waliosalia ni Amu nzima, Lamu yetu.

Juzi nimepita pale na mjukuu wangu. Lile gofu, nyumba ya mawe iliyoanguka dari tangu sijazaliwa, sasa lajengwa liwe nyumba ya wageni. Mafundi wanapaka chokaa. Lakini kulabu mbili za chuma zimo ukutani vile vile, moja huku na moja kule! Nikasimama katikati ya njia, punda wakanipita.

"Bibi, twende, jua kali."

"Hapa palikuwa na sinema."

"Hapa? Hapana hata paa!"

"Paa la nini? Tungepata wapi upepo?"

Alicheka, lakini mimi moyo ulikuwa ukinienda mbio kama wa msichana. Basi ngoja nikwambie wewe.

Kwenye zile kulabu ndiko kilikofungwa kitambaa cha kuonyeshea picha. Kilikuwa cha marekani, pamba nyeupe, vipande alivyoviunga Bwana Athmani kwa cherehani yake, kikaligawa gofu nusu kwa nusu. Mbele, penye mashine, waliketi wanaume. Nyuma ya kitambaa tuliketi sisi, tukaingia kwa mlango wetu wa kichochoroni, na hakuna mwanamume aliyetuona. Marekani kavu haipitishi picha vizuri, ni lazima irowe. Kazi hiyo ilikuwa yetu sisi watoto wa kike. Tulichota maji kisimani, tukayarusha kwa kata mpaka kitambaa chote kikatiririka maji, na wanaume upande wa pili wakipiga kelele, "Nyie! Mwatuogesha!" Nasi tulizidisha makusudi.

Tulikula kachiri za viazi na mabuyu ya rangi, vidole vyekundu. Mashine ikianza kunguruma tu, mama zetu walinyamaza kama wako kwenye hutuba. Halafu yakaja magari! Amu hapakuwa na gari hata moja, ndugu yangu, lakini mimi niliyajua yote kwa majina. Morisi yenye mgongo wa kobe. Ostini. Hamba nyeusi ndefu ya mabwana wakubwa. Na Jagwa, lile lililojilaza chini kama paka anayevizia samaki. Likikata kona, tulipiga vigelegele. Bibi alisimama kabisa akamwonya dereva, "Angalia nyuma yako, wee! Wanakuja!"

Jambo moja tu lilitusikitisha. Wazungu wale walisalimiana kwa mkono wa kushoto. Wote! Chai wakanywa kwa mkono wa kushoto. Bibi alitikisa kichwa akasema, "Masikini, hawakupata wa kuwafunza." Maandishi ya mwanzo wa picha nayo yalianzia kulia yakaenda kushoto, kama msahafu. Sisi tuliosoma chuoni tu tuliona ndivyo maandishi yalivyo. Hakuna aliyeshuku kitu.

Sasa, siku moja Bwana Athmani alialika mama yake, jamaa na rafiki zake kula wali na samaki wa kupaka. Akawasimulia alivyopanda teksi Mombasa, Morisi, akaketi mbele, kushoto kwa dereva. Mama Zuhura alikuwa mlangoni na sinia.

"Uliketi kushoto vipi?" akauliza. "Ulimpakata dereva?"

Watu wakacheka. Bwana Athmani hakupenda. "Dereva huketi kulia."

"Huketi kushoto. Kila wiki namuona kwa mato yangu haya."

"Mwanamke wa Amu atajua nini gari? Gari lako wewe ni punda."

Hapo walicheka mpaka mama yake Bwana Athmani akajifuta machozi. Mama Zuhura aliliweka sinia chini polepole, wala halikulia. Akachukua buibui lake, akaja nyumbani kwa bibi.

Tulidhani ni la siku moja. Halikuwa. Mama Zuhura alisema, "Mimi si mwongo. Aje aseme mbele ya wale wale kwamba sikusema uongo, ndipo nirudi." Bwana Athmani naye akaleta jibu kuwa mkewe akiri kwanza amekosea. Mwezi ukaandama, hakuna aliyelegea. Mama mkwe akaanza kuonekana nyumba zenye wasichana, akisifu mapishi yao. Neno talaka likaanza kutajwa visimani. Mimi nililala kitanda kimoja na Mama Zuhura, nikajua jinsi mto wake ulivyokuwa ukirowa. Alikuwa akimpenda yule mshona kanzu, lakini kuitwa mwongo hakukubali.

Ndipo likaja gari. Gari lenyewe, la chuma! Landrova ya serikali, ya kijani, imelazwa juu ya mbao baina ya vyombo viwili vya baharini vilivyofungwa pamoja. Pwani watu walisimama mpaka ndani ya maji. Walipoliteremsha, likakohoa, likatoa moshi, punda wakatimka wote, na sisi tukatimka nyuma ya punda kisha tukarudi mbio. Lo! Harufu ya petroli ile naisikia hadi leo.

Dereva alikuwa ameketi kulia.

Watu wakageuka kututazama. Kisha mwanamke mmoja akapaza sauti, "Bi Zuhura, kushoto ni wapi vile?" Vicheko vikaenda pwani nzima. Mama Zuhura amejifunika uso, mkono wake umenibana mpaka naumia. Nilijua analia. Lakini dereva aliteremka, akampa mkono mzungu wa bomani, na mkono wa Mama Zuhura ukanilegea.

"Mama," akamwambia bibi, "huyu kampa mwenziwe mkono wa kulia. Na yule kaupokea kwa kulia."

"Ehe, kuna nini?"

"Wale wetu wa gofuni hawafanyi hivyo."

Akaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa Bwana Kassim, akaita, "Kassim! Washa mashine yako baada ya magharibi. Mwite binamu yako, umuweke upande wetu. Peke yake."

Siku hiyo tulikirowesha kitambaa kuliko siku zote. Bwana Athmani aliketi kwenye mkeka wa bibi, amenuna, nasi tukachungulia toka kichochoroni. Jagwa likaja mbio. Bwana Athmani akaruka.

"Kassim! Dereva kahama!"

"Kahama wapi? Mimi namuona pale pale!"

Alikimbia mbele ya kitambaa, akatazama, dereva yuko kulia. Akarudi nyuma, akatazama, yuko kushoto. Akaenda tena, kanzu kaishika mkononi, akicheka mwishowe mpaka akaketi chini kwenye maji yetu.

Kesho yake alikuja nyumbani na wale wale waliokula wali, na mama yake mbele. Akasimama ukumbini akasema, "Mke wangu hakusema uongo. Alichokiona yeye na mimi nimekiona."

Sauti ikatoka chumbani, "Na ile ya punda?"

"Na ile ya punda nataka radhi."

Buibui lilikuwa limeshavaliwa, mimi nililiona. Lakini alimsimamisha kidogo zaidi.

Tangu hapo wanawake tukapewa jioni yetu, tuketi mbele. Wazungu walipopeana mkono wa kulia, bibi aliinua mikono juu, "Alhamdulillahi, wamefunzwa!" Hatukuwa na moyo wa kumweleza.

Leo gofu limetiwa dari. Mashine sijui iliishia wapi, Morisi na Hamba sijaziona tena, na Mama Zuhura na mumewe tumeshawazika, yeye mbele, mumewe baada yake, wakibishana mpaka mwisho kama chumvi imetosha. Wajukuu wanaangalia picha kila mtu na simu yake. Hakuna wa kumuuliza mwenzake, wewe umeona nini?

Na mimi ni mzee, huenda Hamba ilikuwa Ostini, na Landrova pengine haikuwa ya kijani. Anayekumbuka vingine aje nyumbani, kahawa ipo, anirekebishe. Ila aniambie kwanza aliketi upande gani wa kitambaa.