Tabaka la Askari

Wivu ulimkaba Émile tangu Elodie, mwenzake wa darasa la katuni pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, achaguliwe kuonyesha filamu yake Lilongwe. Yeye, msomi wa Bukavu, apitwe na mshona nguo wa Fizi!

Katuni zao zilichorwa kwenye kompyuta tabaka juu ya tabaka: nyumba, moto, halafu askari. Asubuhi ya safari Émile akalificha tabaka la askari katika filamu ya Elodie. Watu wacheke.

Ukumbini Lilongwe, darasa zima likitazama, nyumba ziliungua zenyewe, wanawake wakakimbia kitu asichokiona mtu. Kisha mama mmoja wa Uvira akalia, "Njo vile ilikuwa! Balituchomea nyumba, na sura zabo hatukuziona!"

Ukumbi mzima ukasimama kumpigia Elodie makofi. Émile naye akapiga. Sifa ilikuwa yake yeye, aliyeficha askari, na hakuwa na mdomo wa kuidai.