Nilivyogombana na klabu ya Sydney kwa sababu ya Bismarck

Wakuu, salaam kutoka Sydney. Haya yalinikuta mwenyewe, na sehemu za kunidhalilisha sijazikata.

Mimi ni mtu mzima, nina digrii ya historia, na wikiendi nabandika vimeli vya plastiki vya maonyesho kwa gundi. Mke wangu anasema wenzangu wanajenga Kigamboni, mimi najenga sebuleni. Sina utetezi.

Kuna klabu ya hobby hii huku St Marys, ina maonyesho kila mwaka, na kazi bora inapewa kombe. Safari hii nikapeleka Bismarck, ile manowari ya Wajerumani iliyozama Atlantiki kwenye vita ya pili ya dunia. Kombe nililiona kabisa.

Sheria ya klabu: kila meli iwe na kadi ya historia yake na asili ya jina lake.

Hapo walinipa mic wenyewe.

Nikaandika kwamba jina ni la Otto von Bismarck, kansela aliyewakaribisha wakubwa wa Ulaya Berlin wakawekeana taratibu za kujigawia Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Na kwamba muda si mrefu kwetu Tanganyika tukaambiwa sisi ni mali ya Mjerumani. Basi. Hakuna tusi.

Asubuhi ya maonyesho mwenyekiti, mzee Greg, akaisoma, akakuna kidevu.

"Beautiful work, mate. Ila kadi ibadilishe. Politics tunaacha nje."

"Kuna uongo hapo?"

"Hapana. Lakini watu wanakuja na familia."

Meza ya jirani kulikuwa na ndege ya mabomu, kadi yake inasifu mji ulivyoteketea. Familia zilikuwa zinapiga selfie.

Nilikuwa na Mama Furaha, jirani yangu wa Merrylands, Mkongo wa Bukavu, anafanya aged care, kutunza wazee. Akaweka kidole kwenye jina la kansela, akauliza kwa sauti ya kwaya:

"Baba Neema, njo huyu alitugawanya?"

"Alikuwa mwenyeji wa mkutano. Waliogawana walikuwa wengi."

"Na wewe unamupakaka rangi?"

Nilicheka, lakini iliniingia. Ndiyo, naipenda ile meli, ni nzuri mno. Ndiyo maana kadi isingetoka. Bila kadi, mimi ni mjukuu wa Tanganyika ninayemng'arishia kansela viatu bure.

Greg akarudi. "Last call, mate. Ibadilishe, au meli itoke. Majaji wanaanza."

Nikabeba meli. Kadi nikaiacha katikati ya meza tupu.

Greg akanyoosha mkono aiondoe, akakuta mama mmoja na mumewe wameinama wanaisoma. Nyuma yao wengine wanachungulia, wanataka kujua meli imeenda wapi.

"Iko kwa mwenyewe," Mama Furaha akawajibu. "Musome tu."

Greg akarudisha mkono mfukoni.

Nilichojifunza: unaweza kupenda kitu chenye jina la aliyekuumiza, ila usikubali mtu akupangie namna ya kukisimulia.

Wadau, ingekuwa wewe? Wale wa "ungebadilisha tu ubebe kombe" nanyi mseme. Mke wangu yuko upande wenu.